Madarasa Ishirini na Manne Yenye Hewa

Hotuba ya Mkurugenzi Mkuu wa Tathmini ya Shule za Umma za Wilaya, aliyoitoa ukumbini mbele ya wazazi wanaokusudia kuhamia. Imenakiliwa na karani wa ofisi neno kwa neno, na yaliyotokea ukumbini yamewekwa ndani ya mabano kama kanuni za ofisi zinavyotaka.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, ambaye ni mimi kwa kukaimu. Mheshimiwa Katibu wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Mapokezi. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi, mliopo, mliotuma udhuru, na mliotuma udhuru wa kutotuma udhuru. Viongozi wa ngazi zote, pamoja na ile ngazi ya kupandia ghorofa ya pili ambayo bado inatengenezwa. Ndugu yetu wa kipaza sauti. Wazazi, walezi, mama wadogo, baba wakubwa, mashangazi na wajomba mnaolea watoto wa wenzenu. Na wewe dereva wa lori lililoegeshwa mlangoni, ambaye nimeombwa nikuambie uzime injini. Itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Dereva hajazima injini.)

Mabibi na mabwana, mmekuja hapa kwa jambo moja. Mnataka kuhamia wilaya yetu, na kabla mtu hajakunja godoro lake na kulipakia kwenye lori anataka kujua mtoto wake atakaa dawati gani, mbele ya mwalimu gani, katika shule ya namna gani. Hiyo ni haki yenu, na mimi binafsi, kwa unyenyekevu ambao nimetunukiwa cheti chake na kimetundikwa ofisini kwangu upande wa dirishani, nasema kwamba hakuna wilaya iliyojitathmini kama hii. Tumejitathmini asubuhi, tumejitathmini mchana, tumejitathmini katika semina elekezi, katika warsha shirikishi na katika kongamano la kutathmini warsha, mpaka imefika mahali shule zenyewe zikawa zinatuchelewesha.

(Makofi. Kicheko kimoja upande wa nyuma, kimezimwa na mke wa mwenye kucheka.)

Leo nimewaletea shule moja tu, Shule ya Mfano Namba Saba, iliyopo ng'ambo ya barabara kuu, ambayo ndiyo itakayowapokea watoto wenu wote Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Mtaniuliza, mheshimiwa, namba moja hadi sita ziko wapi. Hilo ni swali la kimkakati na litajibiwa kimkakati katika mpango mkakati, ambao rasimu yake imekwisha kupata jalada.

Naomba kwanza nieleze methodolojia, kwa sababu wapo watu wanaodhani kuitathmini shule ni kwenda tu pale ukaiangalia. Huo ni utaratibu wa kizamani. Mtu akienda shuleni anaona shule moja, siku moja, kwa macho mawili, na macho hayana data. Sisi tulitengeneza fomu. Fomu yetu ina kurasa kumi na saba na viambatisho vinne, na ina indiketa mia moja arobaini na mbili, ikiwamo indiketa ya kupima kama indiketa zinatosha. Tuliituma shuleni kwa posta, kwa rejista. Baada ya wiki tatu ikarudi ikiwa safi, haijakunjwa, haina doa la chai wala alama ya kidole, na juu ya bahasha posta wamegonga maneno mawili: ANWANI HAIJULIKANI. Ndugu zangu, nimelitumikia taifa miaka thelathini na moja na sijapata kuona shule isiyopenda kujitangaza kama hii. Katika kipengele cha unyenyekevu wa kitaasisi tumeipa alama kumi juu ya kumi.

(Makofi machache. Mama mmoja wa mstari wa tatu amenyanyua mkono. Ni mshonaji wa sare za shule, amekuja na binti yake wa darasa la nne, na lori la mlangoni limebeba vyombo vyake na cherehani yake. Ana daftari mkononi. Anasema: "Samahani mheshimiwa, nina maswali matatu tu. Darasa moja linakaa watoto wangapi? Mwalimu wa hesabu yupo? Na vyoo vya wasichana vina milango? Maana tunakotoka havina, na huyu mwanangu tangu mwaka jana hanywi maji asubuhi ili asije akabanwa akiwa shuleni. Mimi nahama kwa sababu ya hiyo milango.")

Ahsante sana mama kwa mchango wako mzuri. Nimeupokea, nimeuthamini, na nimeuweka kwenye kapu la michango. Kuhusu mtoto kutokunywa maji, wataalamu wangu wataliingiza jambo hilo kwenye ripoti kama mfano bora wa utunzaji wa rasilimali maji katika ngazi ya kaya. Kaa mama, majibu yote yapo kwenye skrini. Mtambo, weka slaidi.

(Mshonaji hajakaa. Karani, ambaye pia ndiye mtu wa mtambo, anaweka slaidi. Skrini ni shuka lililobandikwa ukutani. Inasomeka: MADARASA 24 HEWA.)

Hapo naomba radhi. Hapo pana kosa la uchapaji. Inatakiwa isomeke madarasa ishirini na manne yenye hewa. Yenye. Karani wangu ni mchapakazi ila ana haraka, amelila neno yenye. Na watu wetu mnavyopenda maneno, mtu akisoma madarasa hewa akili yake inakimbilia moja kwa moja kwa wale watumishi hewa, wenye majina kwenye orodha na wasio na miguu ya kuja kazini. Napenda kuwahakikishia kwamba tatizo hilo wilayani kwetu limekwisha. Mtumishi hewa wetu wa mwisho alikuwa mtunza stoo, amestaafu mwezi uliopita, na tulimfanyia sherehe ya kumuaga iliyofana sana ingawa mwenyewe hakutokea.

(Kicheko. Karani anasema kwamba hakuna neno lililoliwa. Mkurugenzi anamwambia aandike tu.)

Narudia kwa ajili ya kumbukumbu. Madarasa yenye hewa, tena hewa ya kutosha, inayoingia upande huu na kutokea upande ule bila kukutana na kizuizi cha aina yoyote, si ukuta, si nguzo, si bati. Jua linafika kila kona tangu asubuhi mpaka jioni. Mvua nayo, katika msimu wake, inamfikia kila mtoto bila ubaguzi. Hakuna jengo lolote la umma ninalolifahamu, pamoja na ukumbi huu ambao madirisha yake yamegoma kufunguka, lenye mzunguko wa hewa wa kiwango hicho.

(Watu wanajipepea kwa vipeperushi vya ofisi. Mtoto mchanga analia na kutolewa nje.)

Sasa namjibu mama kwa takwimu, maana mimi si mtu wa porojo. Ameuliza darasa moja linakaa watoto wangapi. Kwa mujibu wa sensa yetu ya ndani, uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu katika Shule ya Mfano Namba Saba ni sifuri kwa sifuri, na ningependa mnitajie wilaya yenye msongamano mdogo kuliko huo. Kiwango cha kufeli tangu shule iasisiwe ni sifuri. Utoro, sifuri. Madawati yaliyovunjika, sifuri. Watoto waliochapwa viboko, sifuri. Malalamiko ya wazazi yalikuwa sifuri mpaka robo saa iliyopita. Wazazi walioridhika ni asilimia mia moja na nne, na hizo nne za juu ni wale ambao hawajazaa bado lakini wameonyesha nia. Na vyoo, mama, vyoo vya shule hii havijaziba hata siku moja. Huko mnakotoka kuna choo cha shule ambacho hakijawahi kuziba?

(Fundi bomba mmoja, baba wa mapacha, anasema kwa sauti ya chini kwamba katika kazi yake yote choo pekee alichokiona hakijawahi kuziba ni kile ambacho hakijachimbwa. Kicheko kirefu.)

Nimemsikia fundi, na nafurahi kwamba wanaohamia kwetu ni wataalamu. Kuhusu mwalimu wa hesabu, yupo. Yupo katika mchakato. Barua yake ya uteuzi imeandikwa, imesainiwa, imewekwa kwenye bahasha nzuri, na kilichobaki ni kupatikana mtu wa kuandikiwa. Kuhusu milango ya vyoo sitasema neno, kwa kuwa mtu mwenye ushahidi hapigi kelele. Picha.

(Karani anaweka picha. Ni jengo refu lenye rangi mpya ya njano, mbele yake watoto wamepanga mistari miwili wakiwa na sare za buluu, na nyuma yao vyoo vinne vyenye milango ya kijani. Ukumbi mzima unapiga makofi. Mshonaji naye anapiga makofi, anamkumbatia binti yake, anajifuta macho kwa kitambaa. Halafu anaacha. Anasogea mpaka kwenye shuka na kugusa kola ya mtoto wa kwanza kwenye picha.)

Mama, tafadhali, usiiguse shule. Shule ni mali ya umma.

(Mshonaji anasema: "Hii kola nimeishona mimi. Nimeipitisha uzi mara mbili kwenye ncha, maana hawa watoto wakicheza wanavutana mashati. Mafundi wengine wanapitisha mara moja.")

Mama, nakuheshimu kama fundi, lakini nguo za shule zinafanana, ndiyo maana zikaitwa sare. Rudi kwenye kiti tuendelee na ratiba.

(Binti yake amemfuata mbele. Anaonyesha kidole mstari wa pili. Anasema: "Mama, huyu ni mimi. Soksi moja imeshuka. Ile siku alikuja mtu na kamera, mwalimu akatuambia tusicheke." Anaitazama picha kwa muda. Kisha anasema: "Lakini mama, hapa vyoo vyetu vina milango.")

(Injini ya lori inasikika vizuri sana.)

Mwanangu, una macho mazuri na utafika mbali. Ila elewa kwamba watoto wa rika lako wanafanana, hasa wakipigwa picha kwa mbali na soksi zikiwa zimeshuka. Na kama ni kweli umo katika picha ya shule yangu, basi nakupongeza kwa niaba ya Bodi, kwa kuwa umekuwa mwanafunzi wa kwanza katika historia ya wilaya kufika kabla ya kuhama. Mpigieni makofi.

(Hayakupigwa. Wazazi wamevikunjua vipeperushi walivyokuwa wakijipepea na wanavisoma upya.)

Tuingie katika tukio lenyewe. Barua zenu za uhamisho zipo hapa mezani, zote mia moja na kumi na mbili. Utaratibu mnaujua. Nikigonga mhuri wa AMEPOKELEWA, shule anakotoka mtoto inafuta jina lake siku hiyo hiyo na dawati lake anapewa mwingine, na hakuna kurudi nyuma, maana sistimu yetu ni ya kisasa na haina mlango wa kutokea. Mhuri wenyewe ni huu. Utazameni. Wilaya nyingine huanza na msingi, wanapandisha kuta, wanaezeka, halafu siku ya kufungua wanahangaika hawana mhuri. Sisi tumeanza na mhuri. Huu hapa una jina la shule, namba ya shule na sanduku la posta, na nimeuchagua mwenyewe mpini wake.

(Mshonaji anasema: "Mheshimiwa, nakuomba, ya mwanangu usiigonge kwanza. Nikaione shule, halafu nitarudi.")

Ya mwanao ndiyo iliyo juu kabisa, mama, kwa kuwa ulifika wa kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, na ofisi hii inaheshimu foleni. Siwezi kuwarusha watu foleni kwa sababu ya hisia.

(Mkurugenzi anakandamiza mhuri kwenye pedi ya wino, kisha kwenye barua. Mshonaji amefumba macho na kumshika binti yake bega. Mkurugenzi anauinua mhuri. Barua ni nyeupe kama ilivyokuwa. Anagonga tena. Anauhemea mhuri, anagonga mara ya tatu mpaka bilauri ya maji inacheza. Hakuna kitu. Pedi ya wino ilifunuliwa alipoanza salamu za itifaki, yapata dakika mia moja na arobaini zilizopita, na kwa joto la ukumbi huu imekauka kabisa.)

Karani, wino.

(Karani anasema wino upo stoo, na ufunguo wa stoo anao mtunza stoo.)

Mwite mtunza stoo.

(Karani anasema mtunza stoo ni yule aliyestaafu mwezi uliopita. Yule aliyefanyiwa sherehe.)

Sawa. Wakati suala hilo linashughulikiwa katika ngazi husika, nitumie fursa hii kutia hamasa na kutoa shukrani, ili mgeni yeyote asiondoke akasema tulikaa bure. Nikisema tathmini, mtajibu kwanza. Tathmini.

(Fundi bomba anajibu: "Kwanza twende tukaione.")

Nikisema elimu, mtajibu yenye hewa. Elimu.

(Hakuna aliyejibu. Mshonaji amenyoosha mkono, ameichukua barua iliyo juu ya rundo, na hakuna aliyemzuia.)

Naipokea hamasa yenu ya kimyakimya. Sasa shukrani, na mnivumilie kwa kuwa mradi mkubwa kama huu hauwezi kuwa kazi ya mtu mmoja, ingawa kwa sehemu kubwa ulikuwa. Namshukuru mhandisi aliyechora ramani ya shule, akaichora vizuri hivi kwamba kamati ikaona kuijenga ni kuiharibu. Namshukuru mwalimu mkuu mteule, ambaye ni mimi kwa kukaimu. Namshukuru mzee mwenye shamba la ng'ambo ya barabara kuu, ambaye kwa miaka yote ya mradi ameendelea kupalilia mahindi yake ndani ya madarasa yote ishirini na manne bila kutusumbua kwa swali hata moja. Namshukuru mpiga picha, ambaye alifika katika eneo la shule, akakuta mahindi, na badala ya kukata tamaa kama vijana wengine akavuka mpaka wa wilaya na kupiga picha ya majirani. Nakishukuru kitengo cha kompyuta, kilichoipaka shule ile rangi ya njano na kuiwekea milango minne katika mchana mmoja, kazi ambayo nasikia wenyewe wameshindwa kuifanya kwa mikono. Na zaidi ya wote naishukuru Shule ya Mfano Namba Saba yenyewe, ambayo katika muda wote wa kutathminiwa haijaomba tofali, haijaomba chaki, haijaomba chochote, na ambayo kama ingekuwepo nina hakika ingeona fahari kuwa nasi hapa leo.

(Mstari wa kwanza umeinuka, kisha wa pili, kisha ukumbi mzima. Wanapita mezani mmoja mmoja na kila mzazi anachukua barua yake. Hawakupiga kelele. Fundi bomba amemchukulia barua bibi mmoja asiyeona vizuri na kumsomea jina la mjukuu wake ili awe na hakika.)

(Mshonaji ameikunja barua mara nne na kuitia ndani ya daftari la maswali. Binti anamuuliza: "Kwa hiyo Jumatatu mwalimu wangu ni nani?" Anajibiwa: "Ni yule yule." Binti anauliza: "Na choo?" Mama yake anajibu, na karani ameyaandika yote kwa kuwa yalisikika mpaka mezani: "Kwenye lori mna cherehani na mna mapazia ya nyumba nzima. Jumapili nakata manne, yale mazito ya sebuleni, natia kitanzi juu na kamba ya kufungia kwa ndani. Jumatatu mimi na wewe tunatangulia na nyundo kabla kengele haijalia. Mwalimu akiuliza nani kamruhusu fundi, mwambie aniulize mimi. Haya, kunywa maji." Amempa chupa. Binti amekunywa mpaka nusu, akapumua, akaimaliza.)

Nawashukuru sana kwa utulivu wenu na kwa namna mnavyotoka kwa mpangilio, bila kusukumana, jambo linalodhihirisha kwamba ujumbe umewaingia. Tutaonana Jumatatu saa moja na nusu. Watakaochelewa watasimama nje, na kwa mujibu wa usanifu wa shule watakaowahi pia. Karani, kabla hujafunga, weka idadi ya waliohudhuria mpaka mwisho. Andika mia nne.

(Karani ameviangalia viti. Nje lori limegeuzwa na linaondoka, binti amekaa mbele kati ya dereva na mama yake. Karani ameandika: waliohudhuria mpaka mwisho, mia nne hewa. Mkurugenzi amesoma juu ya bega lake, akasikitika, na kumwambia kwamba amelila tena neno yenye.)